Skrini ya Mbio ya Ruashi na Macho ya Gracia

Saa nane mchana, Ruashi. Syntiche Mujinga hajakaa tangu asubuhi. Anafuta meza ambayo ameshaifuta, anakwenda mlangoni, anarudi, anainama kusikiliza kisanduku cha kuhifadhi umeme, kile ambacho mtaa mzima huita onduleur. Kiko kimya. Anakwenda tena mlangoni.

Baada ya saa moja mashindano yataanza katika chumba chake cha michezo ya kompyuta: wachezaji kumi na wawili, skrini sita. Ukutani nje ameandika kwa rangi nyekundu maneno yaliyomletea wateja mwaka mzima: "Écran 165 Hz," yaani skrini ya kasi. Leo maneno hayo si kweli.

"Usiandike kwanza," anamnong'oneza uani mwandishi wa habari aliyekuja kutazama mashindano. "Ile écran ya mbio, mi nilishaishusha. Iko na sitini tu, sawa na zingine. Mwezi na nusu sasa."

Skrini zake tano hubadilisha picha mara sitini kwa sekunde. Ya sita, aliyoinunua kwa dola 210 baada ya kuuza friji ya nyumbani, inaweza kufika mara 165. Kwa mchezo wa kurushiana risasi, tofauti hiyo si porojo. Adui akikatiza mbio, haachi ukungu nyuma yake, na mkono unamfuata bila kuchelewa. Rangi zake zimepauka kidogo, lakini nani anatazama rangi akiwa anawindwa?

Basi ikawa balaa. Kila mteja alitaka kiti kimoja, na skrini tano zikakaa bure.

"Bantu balikuwa banapigana juu ya kiti," anasema Syntiche, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ambaye alianza kazi na mashine moja ya kuchapishia watu barua za kuomba kazi. "Na courant, huu umeme! Si écran yenyewe njo inakula, ni machine yenye iko nyuma yake. Inatafuta picha mingi, inakuwa moto. Courant ikishuka kidogo, onduleur inalia, yote sita inazimika. Katikati ya match! Unajua makelele yake?"

Siku moja, akiwa amechoka kutukanwa, alifungua mipangilio akaishusha hadi sitini. Mashine ikapoa. Akasubiri wateja wamjie juu.

Hakuna aliyemjia. Aristote, anayeuza vipuri vya pikipiki nyumba ya pili na ambaye hucheza michezo ya mpira tu, si ya risasi, aliendelea kupigania kiti kilekile. Hata sasa ametangulia kufika na amekikalia.

"Ona vile inakimbia!" anamwambia mwandishi. "Zile zingine zinalala. Hii, eh, moyo unaruka!"

Syntiche anatazama sakafu. Inachekesha kweli, lakini yeye hacheki, na sababu ni Gracia Chola.

Gracia, miaka ishirini na tisa, anaendesha lori kubwa la kubeba mawe mgodini, upande wa Kinsevere. Siku za mapumziko huja hapa kucheza mchezo wa risasi kwenye skrini ya mbio, na kwa muda mrefu hapakuwa na wa kumshinda. Wiki hizi sita ameshindwa na kila mtu. Anaingia sasa, anasalimia kwa upole, anakaa pembeni, anayafikicha macho.

"Bantu bakipita mbio mu écran, minabaona na ukungu," anasema. "Bote banasema écran iko muzuri. Basi njo macho yangu. Lundi niko na visite médicale. Bakikuta macho imekufa, batanishusha mu camion."

Lori hilo linamlisha yeye, mama yake na wadogo zake watatu. Ameshanunua dawa ya matone sokoni. Aliomba uchunguzi huo wa afya wa Jumatatu usogezwe, akakataliwa.

Syntiche anayajua haya tangu Jumatano, Gracia alipomwuliza ni wapi wanauza miwani ya bei nafuu. Alimwelekeza. Mpaka leo hajui ulimi wake ulipata wapi nguvu ya kumwelekeza.

"Nilisikia haya, aibu mingi," anasema. "Nikisema, mi nakufa, bantu batakimbia. Nikinyamaza, yeye njo anakufa."

Saa tisa kasoro dakika tano. Chumba kimejaa, watu wanasukumana, Aristote hataki kubanduka. Syntiche anakwenda mlangoni mara ya mwisho, anarudi, anamgeukia mwandishi. "Andika sasa." Kisha anapiga makofi mawili.

"Sikieni. Hii écran haiko na mbio. Mi nilishaishusha. Yote iko sitini, sitini. Nilibadanganya."

Wote wanasema kwa pamoja.

"Mais mi nilikuwa naona tofauti!" Aristote anafoka, na kicheko kinamwangukia kutoka pande zote. Wachezaji wawili hawacheki. Wanachukua mifuko yao na kuondoka.

Syntiche anamwondoa Aristote kitini, anafungua mipangilio, anarudisha 165. "Kuya uone, mudogo yangu," anamwita Gracia.

Gracia anakaa. Adui anapita mbio kutoka kushoto, Gracia anampiga. Mwingine; anampiga. Wa tatu. Kisanduku cha umeme kinaanza kulia, na watu wanapaza sauti kwamba mashine zote zitazimika.

"Muache aone!" Syntiche anapiga kelele kuliko wote. "Muache aone!"

Dakika nne hazifiki, skrini zote sita zinakuwa nyeusi. Mkono wa Gracia umebaki juu ya kipanya.

"Wiki sita, yaya," anasema, akimwita dada kama kawaida. "Wiki sita nilikuwa naomba Mungu juu ya macho."

Hapazi sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Anasimama na kutoka bila kuaga.

Umeme unaporudi, mechi zinachezwa kwa sitini kwenye skrini zote, na hata Aristote anashinda moja. Syntiche, ambaye siku nzuri humwachia kama dola tisa, anataka kununua onduleur kubwa, kisha skrini ya pili ya mbio ili wanaoshindana wawe sawa. Ameshika chaki; kuanzia leo ataandika ukutani, juu ya kila skrini, kasi yake ya kweli ya siku hiyo.

"Lakini Lundi nafunga," anasema. "Nitamusindikiza Gracia ku visite. Akikataa, nitatembea nyuma yake."

Anaandika 60 ya kwanza, anageuka, na ndipo anapomwona. Gracia hajaenda. Yuko ng'ambo ya barabara, amefunika jicho moja kwa kiganja, anatazama ukuta kupitia mlango ulio wazi.

"Andika numéro ingine, yaya! Padogo!" anaita, akitaka namba ndogo ya kujipimia macho.

Syntiche anaandika 42.

"Quarante-deux!" Gracia anaisoma bila kukosea, kisha anahamishia kiganja kwenye jicho la pili. "Ingine! Padogo zaidi!"

Syntiche anafuta kwa kiwiko, anaandika 17, ndogo kama kucha ya kidole gumba. Nyuma yake mechi imesimama, na wote wamegeukia barabarani.

"Dix-sept!" Gracia anaipata hiyo pia. "Ingine!"