Kengele ya Mama na Lori la Mkwewe

Mama yangu ni fundi cherehani, na kwa umri wake angeweza kukaa dukani asubiri wateja waje. Hataki. Nguo ikishapigwa pasi anaikunja, anaiweka kwenye kapu la baiskeli na kumpelekea mwenyewe mlangoni, kwa sababu, anasema, mtu akijaribu gauni mbele ya kioo cha kwake hawezi kumsingizia fundi. Mtaa mzima unamwita Mama Kengele. Kengele ya baiskeli yake ni kubwa kama kifuniko cha birika, na anawapigia mbuzi, watoto, hata watu waliojikalia mbele ya nyumba zao ambao hawako njiani kabisa.

Mume wangu anaendesha lori la mchanga. Akiwa chini ni mpole. Akipanda juu ya lori anageuka mtu mwingine, mkono kwenye honi, mdomo haufungi. Nimeshamwambia hivyo usoni mara nyingi, kwa hiyo hapa simsengenyi.

Asubuhi foleni inaposimama pale njia panda ya sokoni, mama alikuwa na kawaida ya kupenya kati ya malori na mtaro, kwenye upenyo ambao hata paka angeupima kwanza. Anapiga kengele, anapita. Jioni mume wangu ananilalamikia kwamba waendesha baiskeli wanajitafutia kifo na waenda kwa miguu wanavuka kama barabara ni sebule yao. Mama naye akija ananilalamikia kwamba madereva wa malori wana roho mbaya, wanampigia mtu honi mgongoni mpaka moyo unataka kutoka. Mimi niko katikati, namenya viazi. Wao wenyewe hawakuambiana neno. Mtu na mkwewe hawagombani. Wanaheshimiana mpaka mambo yanaoza.

Siku moja mama alikuja kwangu anasukuma baiskeli. Gurudumu la nyuma limepinda, kapu halipo, kiwiko kimechubuka chote. Nilimpa kiti, hakukaa. Akaniambia lori limekata kona pale njia panda likambana. Alijirusha mtaroni, na gurudumu likapita juu ya kapu pamoja na sare za kwaya alizokuwa anapeleka. Dereva hakusimama. Nikamuuliza kama alishika namba ya gari.

“Namba ya nini? Lori lenyewe linalala hapa mlangoni kwako.”

Akasema mguu wake hautakanyaga tena nyumbani kwangu. Na barabarani ataendelea kupita palepale anapopita siku zote, kwa sababu yeye anapiga kengele, na asiyeisikia kengele yake ni asiyetaka kuisikia.

Mume wangu aliporudi nilimweleza kabla hajavua viatu. Alikaa sakafuni. Aliapa hakumwona mtu wala hakusikia kengele. Nilimwamini, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Aliyekuona akakukosakosa unaweza kumgombeza akajirekebisha. Asiyekuona kabisa atakupitia tena kesho, na mama alikuwa ameapa kuwa kesho atakuwa palepale. Nilijiona namzika mama yangu, kisha nampelekea mume wangu chakula gerezani. Usiku ule sikulala.

Jumapili nilimfuata mama kwake. Sikumbembeleza. Nilimwambia kama ana ubishi aje ambishie mkwewe mwenyewe, na aje na baiskeli. Fundi baiskeli alikuwa ameshainyoosha rimu. Alikuja, lakini alisimama nje ya geti, kando ya lori, maana kiapo ni kiapo.

Mume wangu alimwamkia, akaitikiwa nusunusu. Hakujitetea. Alisema tu, “Mama, naomba upande ukae kwenye kiti changu.”

Kumpandisha mama kwenye lori ilikuwa kazi. Ngazi iko juu, gauni linambana, na mkwe hawezi kumshika mama mkwe akamsukuma kutoka nyuma. Kwa hiyo nilisukuma mimi, kwa bega, huku mume wangu anatazama mawingu kama mtu anayetafuta mvua. Mama alipokaa akawashiwa injini. Mimi nikaambiwa nichukue baiskeli nisimame upande wa pili, karibu na gurudumu la mbele, palepale anapopenyaga yeye. Nilipiga kengele. Nilipiga mpaka kidole gumba kikauma, majirani wakatoka kutazama.

Injini ilizimwa. Mama hakushuka mara moja.

“Upige basi,” aliniambia.

Nikamwambia nimeshapiga, muulize jirani. Aliangalia kioo cha pembeni, akainama, akaangalia tena. Aliniambia baadaye kwamba aliona geti na ndoo yangu ya kufulia. Mimi sikuwamo. Aliposhuka alikuwa kama amepungua kimo.

“Sasa miaka yote hii nilikuwa nampigia nani?”

Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha akasema jambo ambalo hata mimi mkewe hakuwa ameniambia.

“Gurudumu lilipanda kitu, mama. Nilisikia limepanda. Nikasema ni jiwe. Wa nyuma yangu walikuwa wananipigia honi.”

Nilitaka kumpiga, nasema ukweli. Mama ndiye aliyetulia. Alimsukumia baiskeli, akamwambia sasa ni zamu yake, aende njia panda na kurudi.

Akaenda, magoti nje kama panzi. Alirudi kwa miguu, anaisukuma, shati limemganda mgongoni. Basi lilimpita karibu na kiwiko, akayumba, akaamua kushuka. “Wamenipigia honi,” alimwambia mama, kama mtoto anayeshtaki wenzake.

“Pole, mwanangu,” mama alisema, akaanza kucheka, na akicheka huyu huwezi kubaki mzima. Alikula kwangu siku hiyo.

Mama bado anawapigia kengele mbuzi. Lakini kwenye foleni hapenyi tena. Anakaa nyuma ya lori mpaka liondoke, huku analisema kwa uvivu wake. Mume wangu naye akifika kwenye kivuko anasimama, anatoa mkono dirishani kuwazuia wa nyuma, watu wanavuka taratibu, naye anatukanwa. Mdomo wake bado haufungi, ila sasa anawajibu wenye magari wenzake.

Na kila asubuhi kabla ya kuwasha gari huwa analizunguka lote, anainama kwenye kila gurudumu. Mwanzoni nilidhani amepoteza kitu. Nikamuuliza anatafuta nini.

“Jiwe,” alisema.