Kiti cha Mgombea

Mtu akikuuzia mbegu feki za mahindi pale Dumila, ukamkamatisha, atalala ndani. Lakini mtu akipanda jukwaani akaongopea kata nzima ili apewe kura, watu wanacheka: "Ndiyo siasa hiyo." Mimi sicheki. Uongo wa jukwaani ulinizalisha kwenye benchi.

Ilikuwa mimba yangu ya kwanza, mwezi wa mwisho. Kwetu, upande wa Chanzuru, mwanamke akikaribia kujifungua anahamia kwa ndugu Kilosa mjini, awe karibu na hospitali. Nilishafunga mzigo niende kwa shangazi. Ndipo akaja mgombea udiwani, akatangaza kwamba zahanati ya kijiji cha pili ina chumba cha kujifungulia na mkunga analala hapo hapo. Hakusema kitajengwa. Alisema kipo, na vitanda amekabidhi kwa mikono yake. Vuli iliwahi mwaka ule, barabara tope tupu, nani angekwenda kuhakikisha? Nikafungua mzigo.

Uchungu uliponishika, mume wangu alinipakia kwenye bodaboda. Chumba tulikikuta kweli, kimejaa mifuko ya saruji. Nikajifungulia barazani, kwenye benchi la wagonjwa, mke wa mlinzi akinishika magoti. Mtoto alichelewa kulia. Kwa kule kuchelewa, sijamsamehe mgombea mpaka leo. Yeye alishinda, akawa mheshimiwa.

Uchaguzi uliofuata akarudi kuomba tena. Tulikusanyika kiwanja cha shule, na bila haya akasema chumba kile kimewahudumia wanawake miaka yote hiyo. Mama mmoja wa jamii ya wafugaji, jirani yangu, akasimama kuuliza mkunga yuko wapi. Vijana wa fulana za chama wakamvuta shuka. "Mama, kaa chini, usituletee fujo." Akakaa.

Nikasimama mimi. Vijana wakanijia, nikawaambia, "Niacheni. Huyo ni mtani wangu."

Wakarudi nyuma. Ukoo wa mgombea na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Hata msibani nikimnyang'anya viatu anatakiwa acheke, avikomboe. Mtani akikasirika, aibu ni yake na ukoo wake. Mwenyewe alishaanza kutabasamu.

"Mtani, kumbe hujafa tu?" akanianza.

"Nikifa, nani atakuzuia usiuze sanda yangu?"

Kiwanja kikacheka. Nikapanda jukwaani, nikavuta kiti chake, nikakikalia.

"Haya, kikomboe."

Akatoa noti, akaipunga watu waione.

"Hela zako weka. Kikomboe kwa neno la kweli. Siku ile uliposema chumba kipo tayari, mkunga alikuwepo?"

"Mtani, mambo ya serikali ni mchakato."

"Sijauliza mchakato. Nimeuliza mkunga."

"Alikuwa njiani."

"Mwanangu aliyezaliwa kwenye benchi ameshaanza shule, anakwenda kwa miguu yake. Huyo mkunga anatambaa?"

Sauti ya mzee ikatoka nyuma: "Mvue na kofia." Mgombea akawatazama ndugu zake waliokaa mbele, akitafuta wa kumwokoa. Shangazi yake mwenyewe ndiye aliyemjibu. "Sema, mwanangu. Utani hauna wakili."

Akashika maiki kwa mikono miwili. "Mkunga hakuwepo," akasema. "Vitanda navyo havikufika. Nilisema vile ili nishinde."

Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia hata harusini kwangu.

Najua wako watakaosema tukitunga sheria ya uongo wa kampeni, wakubwa wataigeuza fimbo ya kuwapigia wapinzani wao. Nimelifikiria hilo, na ni hoja. Kwa hiyo sisemi mtu afungwe kwa ahadi iliyokwama. Ahadi hukwama, hata mimi za mwanangu hunikwama. Nasema aliyetangaza kitu kipo, huku anajua hakipo, apelekwe kwa hakimu akajibu, na haki ya kugombea aikose. Mimi siku ile nilikuwa na utani. Yule mama mfugaji hana mtani katika kata hii. Yeye alistahili sheria, akapata kuvutwa shuka.

Nikainuka, maana kiti kilishakombolewa. Nikaichukua maiki mkononi mwa mgombea, nikashuka nayo mpaka alipokaa jirani yangu. Vijana wa fulana wakatupisha.

Aliinuka taratibu, akatengeneza shuka lake. "Shikamooni wakubwa," akaanza, nao wakaitikia. "Mheshimiwa, mimi nina swali dogo. Ukitudanganya tena, tukufanye nini?"

Mgombea alijifuta uso. Hakukuwa na maiki tena mkononi mwake, ikabidi apaze sauti.

"Mnishtaki."

"Rudia," nikamwambia. "Simu nyingine zilikuwa hazijaanza kurekodi."

Akarudia.