Sketi Waliyomletea Doris

Hadi leo ukipita kijiji cha Getanuwas ukaulizia ile video ya shule, utaambiwa Doris Gidabuday aliiharibu. Utaambiwa na watu wazima wenye akili timamu, na baadhi yao walikuwepo uwanjani wakaona kwa macho yao. Mimi, Mwalimu Eva, ndiye niliyekuwa mlezi wa klabu ya muziki, na kila nikisikia maneno hayo damu inanichemka. Sasa nimechoka kunyamaza. Nitaeleza Doris alikuwa nani na alifanyiwa nini, halafu aliyeharibu mtamtaja wenyewe.

Doris alizaliwa kwenye boma la wafugaji wa Kibarbaig huko mbugani, binti wa mzee Gidabuday. Alichunga ndama kabla hajashika kalamu, na alikuwa na tabia ya kuwaimbia wakitawanyika. Mama yake ndiye aliyempeleka shule. Baba hakukataa, ila hakuona haraka ya jambo hilo. Kwake msichana akishajua kuandika jina lake yametosha. Mama yule hakubishana naye. Kila asubuhi alibeba kibuyu chake cha maziwa, akamsindikiza mtoto mpaka barabarani, na mtoto akaenda shule mwaka baada ya mwaka hadi akafaulu.

Sekondari yetu ilikuwa ya kata, mpya, madirisha bado yakinuka rangi, na mkoa wenyewe wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Mimi nilitokea Mbulu, kwa Wairaqw wa milimani, tunakolima maharage na kufuga ng'ombe wachache nyuma ya nyumba. Nilipompokea Doris kidato cha kwanza niliona msichana mrefu, mkimya, mwenye macho makavu. Ukimya ule ulinidanganya. Ukimwambia jambo alikuuliza kwa nini, kwa adabu zote, mikono nyuma, "Samahani mwalimu," lakini aliuliza. Walimu wengine walimwita mjeuri. Mimi nilimpenda kwa hilo hilo.

Alipokuwa kidato cha tatu yakatangazwa mashindano ya nyimbo za wanafunzi, na safari ile walitaka kila wimbo uwe na video. Doris alikuwa na wimbo wake tayari. Ulikuwa wa msichana anayefungua zizi alfajiri kabla ya kwenda shule, na kiitikio chake kilisema: "Nifungulie mlango, mama, ndama wametoka, nami nitoke." Tuliurekodi kwenye studio moja ndogo ya mjini Katesh, chumba kilichozibwa kwa magodoro ukutani.

Na video aliipanga Doris. Hili nalisisitiza, kwa sababu baadaye wengi walijifanya wazo lilikuwa lao. Baada ya vipindi alibaki darasani akaukata wimbo vipande vipande ubaoni: hapa boma asubuhi na mama anakamua, hapa njia ya pembeni mwa mashamba ya ngano na mlima Hanang ukionekana nyuma, hapa darasani. Kamera hatukuwa nayo, basi Nikolausi wa kidato cha nne akatoboa boksi la sabuni, akalibandika kitako cha chupa ya soda mbele, akawa anawafuata wenzake nalo kwa uso wa mtu mwenye kazi nzito. Siku za mwanzo walikufa kwa kicheko. Redio inaimba, wao wanafuatisha midomo tu, wanafanana na mbuzi wanaocheua. Doris akawaambia waimbe kwa sauti kabisa, maana shingo ya mtu anayeimba kweli haifanani na ya anayeigiza. Aligundua pia kwamba mchana upepo wa mbugani unaleta vumbi, kwa hiyo kushuti kungefanyika asubuhi. Na mavazi? Sare. Sare zifuliwe, na wenye viatu vilivyokwisha soli wasimame nyuma.

Kilichobaki ni kamera ya kweli, na hapo ndipo Yohanes alipoingia.

Yohanes alinunua ng'ombe minadani, akauza simu na sola Katesh, na alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Miaka ile mwenye duka ndiye aliyekuwa mfadhili, na mfadhili haulizwi anatafuta nini. "Hizi ni zama za soko huria," mkuu wa shule alipenda kutuambia, "shule nayo lazima iwe na wadau." Mdau wetu akaahidi mpiga picha kutoka Babati, jenereta, gari, na soda kwa kila mwanafunzi. Mkuu alimvisha kilemba cha ukoka kikao kizima. Yohanes alikuwa na sharti moja tu, alilolisema huku anatabasamu: video iwe na utamaduni. Wasichana wavae sketi za ngozi za mama zao, na yeye mwenyewe angezitafuta.

Doris akainua mkono. "Mkuu, samahani. Ile sketi ni ya mke wa mtu. Sisi hatujaolewa."

"Ni maigizo tu, Doris," akasema mkuu. "Usituletee ushamba hapa."

Ushamba! Wasomaji wa mbali niwaeleze. Kwa Wabarbaig sketi ile ya ngozi, yenye shanga na nyuzi zinazoning'inia, msichana havai. Anavishwa bibi harusi, na siku anayoonekana nayo mbele ya wazee anahesabika kuwa mke wa watu. Mimi wa milimani nililijua hilo kwa kusikia tu. Lakini mkuu wetu alikuwa Mbarbaig wa Basotu, aliyenyonya mapajani mwa mama aliyevaa sketi hiyo hiyo. Usiniambie hakujua.

Asubuhi ya kushuti zikaja. Zilikuwa za kuazima, zimechakaa, shanga zimepungua, zinanuka moshi wa nyumba za watu. Ila moja. Ile ya Doris ilikuwa mpya kabisa, imelainishwa kwa samli mpaka inang'aa, shanga zake hazijaguswa na jua. Nilishangaa tu na kudhani kwamba mwimbaji mkuu kapewa nzuri. Viti vya darasani vilikuwa vimepangwa kivulini, na wameketi wazee wa ukoo wa Yohanes na fimbo zao, wamealikwa "kushuhudia utamaduni." Karibu nao alisimama mdogo wake Yohanes, shuka mpya begani. Mpiga picha, kijana aliyeitwa Michael, alikuwa anafuta vioo vyake hana habari.

Mama Doris akafika na kibuyu, maana kipande cha kwanza kilikuwa chake, cha kukamua. Nikamwamkia, shikamoo mama. Aliitikia marahaba nusu, macho yameshafika kwenye ile sketi mikononi mwa binti yake. Akaweka kibuyu chini. Akaishika ile ngozi kiunoni, akaivuta kwa vidole, akaipima kwenye kiuno cha Doris juu ya sare. Ilienea barabara.

"Hii nani ameshona?" akauliza.

Akageuka akawatazama wazee kwenye viti, akamtazama yule kijana wa shuka mpya, na mimi nikamwona anavyoelewa, na kwa kumtazama yeye nami nikaelewa. Mwaka uliopita yule mdogo wake Yohanes alikuwa ametuma watu kumposa Doris. Mzee Gidabuday aliwajibu wangoje amalize shule. Sasa Gidabuday alikuwa mbali na ng'ombe, anatafuta malisho upande wa Singida. Angerudi akute mambo yameiva: binti kaonekana na sketi ya ukoo ule, wazee wa ukoo wameketi, maziwa yamekamuliwa, watu wameimba. Tena kuna picha! Angebisha nini?

Nimeona wizi mwingi minadani. Nimeona mtu akibadilishiwa ng'ombe mchana kweupe. Lakini kumwibia mtoto maisha yake kwa wimbo alioutunga mwenyewe, katika video aliyoipanga mwenyewe, huku unamgawia soda, hilo sikuwahi kuliona.

"Vaa, Doris," mkuu akasema. "Mpiga picha analipwa. Muda unakwenda."

"Sivai, mkuu."

"Basi umejitoa kwenye klabu. Na video hakuna."

Wenzake wakaanza kumlilia. Doris, vaa kidogo tu. Doris, tumefanya mazoezi muhula mzima. Uso wake ulikuwa umekakamaa, midomo inamcheza, na nilidhani atalia. Hakulia. Aliikunja ile sketi taratibu, shanga ndani, kama kitu cha heshima, kwa sababu ni kitu cha heshima, akampa mama yake kwa mikono miwili. Mkuu akamwamuru Michael afunge vifaa vyake. Gari likaondoka na jenereta, na jioni yake kijiji kizima kilikuwa kinasema Doris kaharibu video.

Mama Doris aliondoka na ile sketi akapita boma kwa boma.

Wanawake wa Kibarbaig wana baraza lao. Halina usajili wala mwenyekiti wa kupigiwa makofi, ila linahukumu. Mwanamume akivunja heshima ya wanawake, wanamkalia kikao, na adhabu ni dume la ng'ombe. Asipolitoa wanamlaani, na mwanamume mwenye mifugo na watoto hangoji laana ile. Walikuja shuleni na fimbo zao ndefu, wote wamevaa sketi zao, wakaketi katikati ya uwanja wetu wa mpira na ile mpya wameitandaza mbele yao. Masomo yalisimama. Nani angefundisha?

Yohanes hakuchelewa. Mfanyabiashara anajua wapi pa kukata hasara. Alitoa dume lake siku hiyo hiyo, na mdogo wake alilivuta mwenyewe, shuka imeshapoteza upya. Wanawake wakasema bado mmoja. Mkuu akatoka ofisini na tai yake.

"Mama zangu, mimi siingii kwenye mambo haya. Mimi ni mtumishi wa serikali."

"Mtumishi ana mama," mmoja akajibu, na wakaendelea kukaa.

Wakakaa na kesho yake. Alijaribu kucheka nao, akajaribu kutishia polisi, akajifungia ofisini. Siku iliyofuata, kabla ya mapumziko ya chai, tuliona kikundi kingine cha wanawake kinakuja kwa njia ya Basotu. Mbele yao alitembea bibi mmoja mkongwe aliyepinda mgongo, anaswaga dume jeusi. Mkuu alipolitambua lile dume lililotoka zizini kwake alitoka mbio, halafu alipomtambua anayeliswaga akapunguza mwendo.

"Shikamoo, mama."

Yule bibi hakuitikia. Kwetu kuikataa shikamoo ya mwanao mbele za watu ni jambo la kumfanya mtu atamani kumezwa na ardhi. Alijisogeza mpaka ilipotandazwa ile sketi, akaitazama, kisha akamwita Doris kwa kidole. Doris akaja na sare yake iliyofuliwa, akamwamkia, na yeye aliitikiwa.

"Mjukuu wangu yuko wapi?" bibi akamwuliza mwanawe, kwa Kiswahili, ili sote tusikie.

"Yuko Arusha, mama. Bweni."

"Anafanya nini huko?"

"Anasoma."

"Mpigie simu. Mwambie aje kuvaa hii."

"Mama, haiwezekani. Yuko shule."

Bibi akamshika Doris bega kwa mkono wake mkavu, akamsogeza mbele, akamzungusha taratibu ili mwanawe aone vizuri: kola nyeupe, nembo ya shule kifuani, madarasa nyuma yake.

"Na huyu," akasema, "yuko wapi?"

Mkuu aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Swali hilo hakulijibu siku ile, na hajawahi kunijibu mimi nilipomwuliza tena. Dume lake lilichinjwa likaliwa na wanawake, na akahamishwa mwaka uliofuata kwa heshima zote, na sherehe ya kumuaga.

Lakini asubuhi ile haikuishia hapo. Doris alinigeukia. "Mwalimu, samahani, simu yako ina kamera?" Ilikuwa nayo, ndogo, yenye picha za chengachenga. Nikampa Nikolausi, naye akaishika kama alivyolishika boksi lake la sabuni. Redio ikawashwa. Upepo ulikuwa haujaanza. Doris alisimama na sare yake akaimba kwa sauti kabisa, na nyuma yake, maana hawakutaka kuondoka kabla hawajaona hicho kilichotaka kumuuza mtoto wao, walikuwa wamesimama wanawake wote wa baraza na sketi zao za ngozi, kila mmoja na yake, na mama yake katikati ameikumbatia ile mpya.

Shule ilikataa kuipeleka kwenye mashindano. Mkuu alisema picha hazina ubora na tena hazina utamaduni. Ikabaki kwenye kadi ya simu yangu, ikahamia simu za watu, ikafika minadani, na nimewahi kuwasikia wasichana wa Endasak wanaiimba njiani bila kujua imetoka wapi. Doris alimaliza kidato cha nne, akaendelea. Sketi iko kwa mama yake, imetundikwa juu inapata moshi ili wadudu wasiile, na hakuna aliyeivaa. Ukimwuliza itavaliwa lini, anakwambia kamwulize mwenyewe, na mwenyewe yuko chuoni.

Sasa nioneshe Doris aliharibu nini.