Mama Mdogo Kwenye Foleni ya Uji

Miaka ile ya ruksa ya biashara huria, mitumba ilipoanza kumwagwa sokoni Tukuyu na duka la ushirika likafungwa, baraza la duka hilo likawa malazi ya watu wasio na kwao. Mimi nilikuwa nesi. Kila Jumamosi asubuhi, wanawake wanne wa kanisani tuliwapelekea uji na nguo za baridi. Wenzangu walikuwa wake wa watumishi waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine. Nilitamani sana kuonekana kama wao, hivyo mbele yao sikuongea Kinyakyusa, lugha yetu ya nyumbani, hata neno moja.

Jumamosi moja ya mvua, bibi aliyejifunika gunia alininyooshea kikombe. Akanitazama, uso ukamchangamka.

"Ugonile!" akanisalimu, kisha akaniita jina langu la utotoni, ambalo pale mjini hakuna aliyelijua.

Alikuwa mke mdogo wa baba, kijijini kwetu Kisondela. Mama alipougua, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni na kunilisha. Baba alipofariki, kaka yangu aliniandikia kwamba mama mdogo amerudi kwao. Nilijua wazazi wake walishakufa zamani, lakini sikuuliza. Migomba aliyokuwa akiilima ilibaki kwa kaka, nami nikawa naletewa ndizi.

"Unamfahamu?" mmoja wa wenzangu akauliza.

"Hapana. Hata sielewi anachosema."

Mama mdogo akamgeukia mwenzangu, akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Samahani, mama. Macho yangu mabovu. Nimemfananisha."

Nilimmiminia uji bila kumtazama, ukamwagikia vidole vyake. Alivipangusa kwenye gunia.

Jumamosi iliyofuata alipanga foleni kama wengine. Alipofika mbele yangu aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, nesi."

Aliyenilea ananiamkia mimi! Wenzangu walikuwa wanasikia. Nikaitika, "Marahaba."

Kesho yake, baada ya ibada, nilirudi pale peke yangu. Nilipiga magoti kwenye saruji, nikamwomba msamaha kwa Kinyakyusa.

"Inuka, utachafua gauni," akanijibu kwa Kiswahili.

Nilimsihi aje kwangu. Alikubali, nadhani kwa sababu kifua kilikuwa kinambana na mvua haikuwa na dalili ya kukatika. Nilimpa chumba cha uani. Tuliishi vizuri, tukipika pamoja na kuchambua maharage, lakini lile jina la utotoni hakuniita tena. Kwake nilikuwa nesi tu mpaka alipokufa.

Kuna jambo moja ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mwezi wa kwanza wa yeye kukaa kwangu, kiongozi wetu wa akina mama alinisimamisha kanisani, akawaambia watu kwamba nimemchukua maskini nisiyemjua nikampa makao. Ningeweza kusema pale pale kwamba yule ni mama yangu. Nilisimama tu, nikatabasamu. Kanisa zima likapiga makofi, na mama mdogo, kwenye benchi la nyuma, akapiga pamoja nao.