Kiuno Changu na Ghala la Susu

Nianze na upumbavu wenyewe, maana nikinyamaza dada yangu atawasimulia, na yeye huongeza chumvi. Nikiwa darasa la nne, likizo ya Agosti, nilivua shati, nikachota mafuta ya kupikia ya mama kwa kiganja, nikajipaka kuanzia mabegani hadi kiunoni, kisha nikajipenyeza kwenye mdomo wa ghala la nyanya yangu. Mpaka leo mtu akikaanga vitunguu, mimi nasikia harufu ya mahindi makavu, jivu na aibu.

Ghala hilo liko kwetu, upande wa Masii, nyuma ya jiko. Nyanya, ambaye sote tunamwita Susu kwa Kikamba, alilipenda kuliko baadhi ya wajukuu zake, na nadhani najua ni wajukuu gani. Lilikuwa kama kikapu kikubwa kupita kiasi: fito zilizosukwa zikapakwa kinyesi cha ng'ombe, likisimama juu ya miguu ya mti mgumu, na paa la nyasi limeteremka mpaka machoni kama kofia ya mlevi. Ndani mlikuwa na giza la kahawia, tena lenye joto hata Agosti, wakati nje baridi inauma masikio. Ukikaa juu ya mahindi yalikumeza polepole hadi magotini. Miale myembamba ya jua ilipenya kati ya fito na vumbi likacheza ndani yake. Sauti za nje zilifika zimepungua nguvu: kuku, redio ya jirani, mama akiniita nikachote maji. Hasa hiyo ya mama. Ilifika dhaifu kabisa, hata ungeweza kuapa hukuisikia.

Mdomo wa ghala ulikuwa mdogo, upana wa beseni la kunawia uso, ili mwizi asipite. Kwa hivyo mahindi yakishapungua hadi mkono wa mtu mzima haufiki, kazi ya kuchota ni ya mtoto. Mtoto huyo alikuwa mimi. Msidhani yalikuwa mateso, kilikuwa cheo. Susu alificha karanga humo akiamini sijui. Wageni wakija, swali la kwanza halikuwa chai iko wapi, lilikuwa, "Mutuku yuko wapi?" Bila mimi hakuna aliyekula. Nilitembea uani kama chifu.

Sasa likizo ile mama akanipima mabega kwa macho, akasema, "Wewe umejaa. Kuanzia wiki ijayo ataingia Ndinda." Ndinda ni dada yangu. Wakati huo alikuwa na miaka sita, mwembamba kama ufito, na kiburi kilimpanda papo hapo. "Nipishe, mzee," akaniambia. Mzee! Mimi!

Wiki hiyo hiyo Anko Kioko, ndugu mdogo wa baba, akaja kutoka Athi River anakofanya kazi kiwandani. Alikuja na mkate, sukari, na wazo kwamba ghala libomolewe. "Hii ni mambo ya zamani, mama," akamwambia Susu. "Weka mahindi kwa magunia, nyunyiza dawa, maliza. Huko ndani ni fukusi tupu." Susu aliendelea kupepeta, ila niliona ungo umeanza kwenda kasi.

Ndipo nikaamua kuwaonyesha wote kwamba ghala lina kazi na mimi bado natosha. Kuingia niliteleza kama sabuni. Nikajaza kibuyu, nikala karanga kidogo za ushindi, nikageuka kutoka. Hapo sayansi ikanigeuka. Yale mafuta yalikuwa yamenasa vumbi lote la ghala, makapi na lile jivu la Susu la kuzuia fukusi. Nilikuwa nimeingia sabuni, natoka msasa. Kichwa kilipita, mikono ikapita, mabega yakapita kwa kilio. Kiuno kikakataa. Mbele, hapana. Nyuma, hapana. Nikabaki nimechungulia nje kama kobe.

Wa kwanza kuniona ni Ndinda. Hakukimbia kuita mtu. Alivuta kigoda, akaketi mbele yangu, akakunja mikono.

"Nenda uite mama," nikamwambia.

"Sema kwanza nani ataingia ghala wiki ijayo."

"Ni wewe."

"Sijasikia."

"Ni WEWE!"

Basi mama akaja, akasimama na mikono kiunoni, uso umekaza. Anko akaja na panga. "Tunakata hapa kando kidogo tu," akasema. "Si tutalibomoa hata hivyo?"

Hapo mzaha ukaniishia. Fito zile zilikuwa zimesukwa moja ndani ya nyingine. Ukikata mdomo, kikapu kizima kinafunguka, na fundi aliyelisuka alikuwa amekufa zamani bila kumfundisha mtu. Ghala la Susu lingeanguka, na kilicholiangusha kingekuwa kiuno changu. "Anko, usikate!" nikalia. "Nitakaa hapa mpaka nikonde!"

Susu akaja akasimama kati ya panga na ghala. "Kata," akasema. "Lakini anza na kijana."

Tulikuwa hapo, panga juu na mimi nikitoa machozi yenye makapi, wakati wanawake wa mwethya, kile kikundi cha majirani wanaochimbiana matuta mashambani, walipopita wakirudi nyumbani. Waliweka majembe chini wakafurahi bila haya.

"Susu, siku hizi unafuga nini humo?"

"Mpe muthokoi wa mahindi hayo ashibe, labda atazaa!"

Walipomaliza kucheka, mmoja wao, Mama Syombua, akalizunguka ghala akiligonga kwa ngumi kama anayechagua tikiti maji. "Kwani paa si hufunguliwa?" akauliza. Wakakata kamba zilizolifunga, wakajipanga, wakaliinua paa zima kama mtu anayevuliwa kofia kanisani, wakaliweka chini. Ndinda akateremshwa kutoka juu na kitambaa chenye maji ya sabuni. Alinisugua kiuno kama sufuria iliyoungua, kisha akaweka nyayo zake mbili mahali nisipopataja, akasukuma. Nilitoka. Kaptula ilibaki.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Anko hakucheka. Alikuwa amepanda kwenye kigoda akaingiza kichwa ndani, ambamo jua lilikuwa linaangukia mahindi moja kwa moja. Akapokea konzi kutoka kwa Ndinda aliyekuwa bado ndani, akaipitisha vidoleni, akainusa, akataka nyingine.

"Fukusi wako wapi?" akauliza.

"Waulize wa kwenye magunia yako," Susu akamjibu.

Anko akaligusa paa lililolala uani. "Hii nyasi imeoza, mama. Nitaleta mabati." Hiyo tu. Kwa lugha ya Anko, huko ni kupiga magoti.

Sasa niko kidato cha tatu na ghala bado limesimama, limevaa mabati yanayong'aa kama mzee aliyeazima miwani ya kijana. Mvua ikinyesha linapiga kelele kuliko sisi. Majirani wengi wamehamishia mahindi sebuleni. Ukienda kuwasalimia unaketi kati ya gunia na gunia, unapiga chafya kwa sababu ya dawa. Sisi bado tunachota kwetu. Ndinda naye alishajaa, akakabidhi kazi kwa kijana wa Anko, ambaye hutumwa huku kila likizo na hutembea uani kama chifu. Mimi siku hizi naingiza kichwa peke yake, navuta ile harufu, natoka. Nilikuwa nadhani siku ile nilipoteza kila kitu. Kumbe ghala lingekuwa kuni leo kama ningekuwa mwembamba kidogo.

Lakini jioni ile sikujua hayo. Nilikaa jikoni ndani ya karai nikisubiri kichapo, na mama alinisugua makapi, uso umekaza kama siku nzima ulivyokuwa. Alinimwagia maji ya mwisho, akanitupia kaptula safi, akageukia ukuta. Akasema:

"Umekua, Mutuku. Hakuna dawa ya hiyo. Sasa hebu toka nje kidogo, nataka kucheka."