Chumba cha Chini cha Bibi

Niliolewa Pangani nikitokea Kigombe, miaka ya hamsini, na tangu siku ya kwanza kilichonitia hofu ni dari. Kwetu tulilala chini ya makuti. Hapa, katika mtaa wa zamani karibu na mto, nililala chini ya mawe na boriti za mikoko zilizowekwa kabla bibi yake mume wangu hajazaliwa.

Bibi huyo ndiye aliyemlea mume wangu. Alikaa chumba cha chini, chenye kidirisha kimoja juu kabisa, na ukuta wake wa mbele ulikuwa na ufa. Kila asubuhi nikienda kumwamkia nilikuta unga wa chokaa sakafuni. Nilifagia, kisha nikaupima ufa kwa kidole. Mwanzoni iliingia ncha tu. Msimu wa upepo wa kaskazi ulipokuwa unakwisha, kidole kizima kilizama. Nami nilikuwa na mimba yangu ya kwanza.

Masika yalipokaribia akaja mkaguzi wa serikali, akazitia nyumba chache za mtaa alama ya rangi nyekundu, yetu ikiwamo. Alimwambia mume wangu tuhame kabla ya mvua, nyumba itabomolewa. Mume wangu, fundi seremala, hakubishana. Alipata kibanda Bweni, ng'ambo ya mto, akaanza kuvusha vyombo. Bibi akakataa kuondoka. Watu wazima walikuja kumsihi. Akawapa kahawa, akawasikiliza, akawaaga.

Nikaambiwa nibaki naye mchana, nimlainishe. Kila wingu lilipotanda upande wa bahari niligeuka kuutazama ufa. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza anangoja nini ndani ya chumba kile.

Alinitazama tumbo kwanza. Kisha akaniambia kwamba mama yake aliletwa Pangani kutoka bara akiwa msichana, amefungwa kamba pamoja na wenzake, na humu ndimo walimofungiwa mpaka walipopelekwa kwenye mashamba ya miwa huko upande wa juu wa mto. Alipokuja kupata uhuru wake, alirudi kuwapikia wenye nyumba. Wenyewe walipohamia Unguja wakamwachia funguo, wala hawakurudi tena.

Mume wangu alikua akiamini kuwa wao ni damu ya wale waliojenga nyumba, na mtaa mzima ulimheshimu kwa hilo.

"Wazee wa hapa wanajua nani alijenga na mawe yalitoka wapi," Bibi akasema. "Waliofungiwa hakuna anayewataja. Chumba hiki kikivunjwa, mke mwenzangu, mama yangu hana pengine alipobaki."

Mke mwenzangu ulikuwa utani wake kwangu, utani wa bibi na mke wa mjukuu, lakini siku hiyo hakucheka. Akaniomba nisimwambie mume wangu. Tangu hapo nikawa na hofu mbili: ukuta, na uso wa mume wangu kila alipoingia mlangoni.

Mvua ikaanza, ikawa haikatiki. Asubuhi moja nilikuwa uani nikiteka maji kisimani, nikasikia mporomoko kama wa magunia ya nazi yanayomwagwa. Vumbi jeupe likatoka mlangoni. Nikamwita Bibi, hakuitika. Nikamwita tena, nimelishika tumbo kwa mikono miwili.

Mume wangu alikuwa kivukoni na mizigo. Akaja mbio na majirani, wakafukua kwa mikono. Ukuta wa mbele ulikuwa umelala barabarani. Bibi alikuwa amekaa pembeni kabisa kwa ndani, mweupe kwa chokaa, mguu umebanwa na boriti, anapumua.

Walipoiondoa boriti mume wangu aliinama ambebe. Bibi akamzuia kwa mkono, na palepale mbele ya majirani akamweleza yote: msichana wa bara, kamba, miwa, funguo. Sauti yake haikupanda. Majirani wakatazama chini. Mimi nilimtazama mume wangu tu, nikiogopa asije akageuka na kuondoka.

Alichuchumaa, akampa mgongo. Kisha akasema, "Panda mgongoni, Bibi. Mengine tutaongea Bweni."

Hawakuyaongea upesi. Siku nyingi mume wangu alikula kimya, akalala kimya. Halafu akavuka mto peke yake, akaenda kwa Bwana Shauri, mkuu wa serikali wilayani, kuomba kile chumba kisivunjwe. Orofa ikabomolewa yote, lakini chumba kikaachwa, hasa kwa sababu nyumba ya jirani iliegemea ukuta wake wa nyuma. Mume wangu akakiezeka makuti. Bibi hakulala humo tena. Mguu haukupona vizuri, na alifariki Bweni wakati mwanangu anatambaa.

Baadhi ya majirani walipunguza kuja kwetu. Posa ya dada yake mume wangu ilivunjwa bila maelezo, na wifi yangu hakumsamehe Bibi mpaka mwisho. Wageni kutoka Tanga walipopita kutazama majumba ya zamani, wakauliza chumba kile ni cha nani, mume wangu alisita kila mara. Kisha akawaambia ni cha mama yake Bibi, na akawaeleza aliingia humo vipi.