Mahindi Yenye Njaa Kando ya Njia ya Mnadani

Naomba mtu asicheke kabla sijamaliza, maana nyie nawajua, na habari hii hata mke wangu Kabula akianza kuisimulia (naye huisimulia kwa wageni nikiwa nimekaa palepale, utadhani mimi ni kiti) mimi hutoka nje kwenda kuangalia ng'ombe, hata kama ng'ombe wenyewe wako malishoni. Niliaibika, jamani. Niliaibika mbele ya kijiji kizima, mbele ya mwenyekiti na mbele ya mzee ambaye nilikuwa namwomba binti yake, na kosa langu lote, haki ya Mungu, ni kwamba kuna mtu aliniuliza swali nikamjibu "sawa".

Mtu mwenyewe alikuwa Bwana Kileo, mtafiti wa chakula cha mimea, Mchaga mmoja mrefu aliyeletwa huku kwetu Shinyanga miaka ile ya sabini, tulipokuwa ndiyo kwanza tumehamishiwa vijijini. Alikuja na Landrova, kamba na vigingi, akanikuta napalilia, akasema, "Ndugu Masanja, nimeambiwa wewe ni mkulima mwenye bidii." Sasa niambieni, kijana aliyekwisha kupeleka posa kwa Mzee Luhende na bado hajajibiwa, akisifiwa bidii na mtu mwenye Landrova, atakataa kitu gani? Akalipima shamba langu la mahindi vipande vinne: kimoja kipewe mbolea ya chumvichumvi, kimoja samadi, kimoja vyote viwili, na kimoja kisipewe kitu chochote, kikae na njaa yake mpaka mavuno. Nikamuuliza hicho cha mwisho kimekosa nini. Akanieleza kwamba bila kipande chenye njaa hatutajua kama vile vingine vimeshibishwa na mbolea au na mvua tu, na maneno yale yalikuwa na akili, sikatai. Ndipo akauliza, "Hiki chenye njaa tukiweke hapa mbele, kando ya njia? Gari linafika, nitakipima kwa urahisi."

Nikasema sawa!

Ile njia ndiyo ya kwenda mnadani. Kila mwenye ng'ombe, kila mwenye mbuzi, kila mama mwenye tenga la michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, anapita pale, na kwetu Usukumani mtu haulizi umesoma mpaka wapi, anatazama shamba lako anapopita, akifika mnadani ameshajua wewe ni mtu wa namna gani na ameshawaambia wenzake. Vipande vyangu vitatu vilivyoshiba vilikuwa nyuma ya nyumba, bondeni, vimefungana majani hata kuku akiingia humwoni, na nani alikwenda kuvitazama? Hakuna! Walichokiona ni kile cha mbele, juu ya luseni, ule mchanga wetu mweupe uliochoka, mahindi yamekuwa ya njano kuanzia majani ya chini, membamba, yamesimama kwa kuona haya.

Wakaanza. Kwanza kucheka kimyakimya, halafu kwa sauti, halafu lile kundi la vijana wanaolima mashamba ya watu kwa ngoma wakanitungia wimbo. Wimbo, ndugu zangu, tena wenye kiitikio! "Masanja, mahindi yako yanaumwa, Masanja, yabebe uyapeleke hospitali," wakipita wanarusha majembe juu na kuyadaka, na watoto wa jirani yangu, niliokuwa nawapa miwa, ndio walioitikia kwa nguvu kuliko wote. Nilitoka nikawaambia huu ni utafiti, wapumbavu nyie! Wakaingiza na utafiti kwenye wimbo.

Yote hayo ningeyameza. Lakini siku moja Mzee Luhende akapita na madume yake mawili, akasimama pale mbele, akaegemea fimbo.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Haya ni mahindi, au umeotesha mabua moja kwa moja?"

Nikamweleza habari ya Bwana Kileo, nikamweleza njaa ya makusudi, nikamsihi aje nyuma ya nyumba avione vile vingine. Akasema hana muda wa kuzunguka nyumba za watu kutafuta mahindi. "Mwanamume mzima ana samadi zizini," akasema, "halafu anasema ameambiwa asiyape mahindi chakula. Binti yangu akija hapa, naye utaambiwa usimpe?"

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka moto, lakini utamfokea mtu unayetaka awe mkwe wako? Nikamwambia kwa heshima zote kuwa Bwana Kileo ataleta wageni waone shamba, yeye mwenyewe aje, asikie kwa kinywa cha mtafiti, na akisikia nimesema uongo basi posa yangu airudishe. (Ndiyo, niliyasema mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.) Mzee akasema atakuja.

Katikati ya hapo nikaenda Geita kumchukua mjomba wangu, aje anisimamie mambo ya mahari. Nilimkuta kwenye shimo lake anaokoteza dhahabu katika mawe yaliyoachwa na wazungu, na kila nikimwambia twende anasema kesho, kesho mwamba unafunguka, mpaka wiki zikaisha, mwamba haujafunguka na yeye hajatoka. Nikarudi peke yangu, nimenuna. Nilipofika Shinyanga mjini ndiyo siku yenyewe ya wageni, nikakutana na Bwana Kileo anatia mafuta gari, wageni wake wakiwa nyuma, mimi akanipakia mbele. Mbele, kwenye Landrova! Nikavaa shati langu jeupe palepale mjini, na tulipokaribia kijijini nikatoa mkono dirishani nikawapungia wale waimbaji, nikisema moyoni leo mtatafuta pa kuziweka nyuso zenu.

Watu walikuwa wamejaa kando ya njia hata shamba halionekani. Mzee Luhende alikuwa amekalishwa kwenye benchi la mbele, pembeni ya mwenyekiti. Bwana Kileo akashuka na hotuba yake kichwani, akasimama mbele ya umati, shamba amelipa mgongo, akaanza, "Ndugu wananchi, tazameni kwa makini kipande hiki kilichoko nyuma yangu. Hakikupewa mbolea wala samadi. Mnaona hali yake."

Watu wakatazama. Nami nikatazama.

Kilikuwa kimeiva kwa ukijani! Majani mapana, meusi kwa afya, mahindi yamesimama kama askari. Sauti moja ya nyuma ikasema, "Bwana mtafiti, kama hali ya kutopewa kitu ndiyo hii, basi na sisi msitupe kitu!" Lo! Watu walivyocheka, mbwa wakakimbia. Bwana Kileo akageuka, akatazama kigingi, akatazama mahindi, akarudi kwenye kigingi, mwisho akanitazama mimi.

"Ndugu Masanja, umeniharibia kazi yangu."

"Mimi? Mimi nilikuwa Geita!"

"Kwa hiyo yamejipikia yenyewe?" akadakia mmoja wa wale waimbaji.

Mzee Luhende akasimama, na alipozungumza hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Kijana, uliniambia mahindi haya yamenyimwa chakula kwa amri. Nimekuja kusikia, na nimesikia, na ninachokiona ni mahindi yaliyoshiba. Basi ile njano ilikuwa uvivu wako tu, ukauongezea na uongo." Nikataka kujibu, nikarudi nyuma hatua moja nipate pumzi, kisigino kikanasa kwenye kamba ya Bwana Kileo, na mimi huyo, chali ndani ya mahindi, na shati langu jeupe, miguu juu. Nililala pale nikasikia kicheko cha kijiji kizima kinapita juu yangu, na nikamwona Kabula upande wa wanawake, amejifunika uso kwa khanga, nikajua nimemkosa.

Mtu aliyekuja kuniinua alikuwa mama yangu. Akanipangusa mgongo mbele ya watu kama mtoto, halafu akawageukia.

"Nimeyalisha mimi," akasema. "Mnanitazama nini? Nyie si ndio mlikuwa mnapita hapa mnamwimba mwanangu? Na wewe mwanangu wa Landrova, uliacha vitu vyenye njaa mlangoni kwangu ukaondoka. Mfuko wa chakula chao umo ndani kwangu, wenyewe wananitazama kila nikifungua mlango. Ningekula ugali vipi? Nikachukua kopo nikayapa hiyo chumvichumvi yako, mvua ikanyesha, yakainuka. Kama ni jela nifungeni."

Mayu, mama yangu huyo, na nilimwambia nilipoondoka, kile cha mbele usikiguse!

Bwana Kileo akawauliza watu ni nani aliyekiona kipande hiki kilipokuwa cha njano. Wote wakanyoosha mikono, waliotunga wimbo mbele ya wote. "Basi hamhitaji hotuba yangu," akasema, na watu wakaanza kumuuliza mama, sijui kopo ngapi, kwa shina au kwa mstari, wakamzunguka. Kando akaninong'oneza kwamba kwa wakulima siku imekwenda vizuri, ila kwa utafiti wake msimu mzima umekufa, na aliponiambia hivyo macho yake hayakuwa ya mtu anayetania. Nilimwonea huruma, lakini ni yeye aliyechagua kando ya njia.

Mzee Luhende akamwendea mama, akavua kofia. "Mama Masanja," akasema, "mtu asiyevumilia kuona bua lina njaa, hawezi kumtazama binti wa mtu akishinda bila kula. Kabula nitamleta kwako."

Kwako, alisema. Mimi nimesimama pale na udongo mgongoni, mkulima mwenye bidii, niliyetii maagizo peke yangu kijiji kizima, hakunitazama hata kidogo! Nimeoa kwa sifa za mama yangu. Ni kweli nimeoa, na nashukuru, Kabula huyu hapa, lakini tangu afike, akiwa na lolote la maana humwuliza mama kwanza, na mkwe wangu akija kututembelea humsalimia mama, hula kwa mama, na akiniona mimi hupita moja kwa moja mpaka shambani kuhakikisha.

Bwana Kileo alirudi msimu uliofuata na vigingi vyake, muungwana yule, hakuwa na kinyongo. Nikampa shamba. Kipande chenye njaa nikamwonyesha pa kukiweka, bondeni kabisa, nyuma ya miiba, hata mimi mwenyewe nisikione, na mfuko wa mbolea aende nao mjini kwake. Nimeapa, na Kabula ni shahidi, kwamba mpaka nizikwe, mahindi yaliyo kando ya njia ndiyo nitakayoyalisha kwanza, tena kwa mikono yangu mwenyewe, mchana kweupe, siku ya mnada, Mzee Luhende akipita.